Rangi Mpya kwenye Gari la Kaka

Rhoda alishuka stendi ya Handeni asubuhi, begi mgongoni na mashine ya kupolishi mkononi, ameifunga kwa kanga isigongwe njiani. Kaka yake, Valerian, alikuwa akimngoja. Alikuja kwa miguu. Alimpokea mzigo, wakaongozana kuelekea nyumbani kwake mtaa wa Chanika, na njia nzima akawa anauliza habari: za Korogwe, za watoto, za kazi. Mwisho, kama ilivyokuwa kawaida yake tangu mwaka uliopita, alishusha sauti na kumuulizia shemeji yake. Rhoda akamjibu kwamba Deogratius hajambo, sasa anatembelea gongo moja, la pili ameliacha.

"Mungu ni mwema," Valerian alisema, akaendelea kutembea akitazama chini.

Valerian ndiye aliyemlea Rhoda. Babu yao aliletwa kama manamba kukata mkonge, asirudi kwao tena. Baba yao akazaliwa kambini, akakata mkonge huohuo mpaka kifua kikamshinda. Mama naye hakukawia. Rhoda alikuwa bado shule ya msingi. Valerian aliacha masomo, akaanza kununua mahindi vijijini Misima na kuyauza mjini, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa lori la kukodi, mpaka akawa na ghala lake na gari dogo la kutembelea. Ada ya Rhoda aliilipa yeye. Siku ya harusi yake alisimama mahali pa baba, akamwambia Deogratius mbele ya wageni wote kwamba anamkabidhi mboni ya jicho lake. Watu walilia. Rhoda mwenyewe alilia.

Deogratius alikuwa Mshambaa wa Lutindi, mtu wa maneno machache, muuza nyanya na vitunguu katika soko la Manundu, Korogwe. Ujanani alikuwa mnywaji, na hilo hakulificha. Rhoda alimpa sharti moja tu kabla ya ndoa, naye akalitimiza. Aliacha pombe kabisa, hata kwenye misiba na sherehe alikuwa akiomba maji. Waliishi vizuri.

Kisha ikaja jioni ile ya Mkumbara. Deogratius alikuwa amekwenda gulioni kufuata nyanya za watu wa milimani. Wakati wa kurudi, pikipiki yake ikiwa imebeba matenga mawili, alikutwa amelala kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi, pikipiki imepinda, nyanya zimesagika kwenye lami. Mguu na nyonga vilivunjika. Aliyemgonga hakusimama, na hakuna aliyewahi kusoma namba za gari.

Alipopata fahamu hospitalini, Deogratius alieleza kwamba mnyororo ulikuwa umechomoka, akaisogeza pikipiki nje kabisa ya barabara, akachuchumaa kuurudisha. Alisikia mngurumo tu nyuma yake. Hakuona kitu.

Rhoda alikuwa amempigia simu kaka yake akiwa bado wodini. Alikumbuka vizuri jinsi upande wa pili ulivyonyamaza, kisha akamsikia Valerian akilia kama mtoto. Kesho yake alifika Korogwe kwa basi. Alikaa siku nyingi. Alileta unga, alikesha na mgonjwa, alikimbizana na dawa. Na kwa sababu yeye ndiye mwanamume mkubwa upande wa mke, alisema atakwenda mwenyewe Mkumbara kuulizia mambo yalivyokuwa, na kufuatilia polisi.

Alirudi na uso mzito. Alimvuta Rhoda pembeni, chini ya dirisha la wodi, akamwambia kwamba watu wa kule wanasema shemeji alionekana akinywa pombe ya miwa mchana, na kwamba alikuwa akiyumba katikati ya barabara. Alimshauri wasilikoroge. Wakiendelea kusukuma kesi, alisema, itamgeukia Deogratius mwenyewe. Maneno hayohayo aliwaambia wanajumuiya wa kanisani walipokuja kumwona mgonjwa, tena kwa upole, kama mtu anayemsitiri ndugu. Na alipanda mpaka Lutindi kumwambia mama yake Deogratius.

Rhoda alimwamini. Hakumuuliza mumewe kama kweli alikunywa; alimuuliza kwa nini alikunywa. Deogratius alimtazama kwa muda, akageuzia uso ukutani.

Biashara ya nyanya ikafa. Wakulima waliokuwa wakimpa mzigo kwa kuaminiana waliacha. Rhoda akaanza kuosha magari kwenye eneo la jirani yao karibu na barabara kuu, na Valerian, alipoona anajituma, alimpeleka Tanga kwa fundi mmoja akajifunze kupolishi na kupaka seramiki, ile dawa inayoganda juu ya rangi ya gari ikawa ngumu kama kioo, maji yakimwagwa yanateleza. Mashine ya kupolishi alimnunulia yeye. Kwa kazi hiyo nyumba ilisimama. Wateja walianza kumfuata kutoka Mombo na hata Same, na Rhoda hakuacha kuwaambia kwamba anayestahili shukrani ni kaka yake.

Kwa hiyo Valerian alipomwomba amfanyie gari lake, hakuona cha kufikiria. Alimwambia alilete Korogwe, vifaa vyote viko kule. Valerian akasema hapana, afadhali alifanyie nyumbani kwake, kuna kibanda kizuri cha bati kisichoingiza vumbi. Parokia yao ilikuwa inajiandaa kwa jubilei, na yeye alikuwa ameombwa kumbeba mgeni rasmi kwa gari hilo. Tena vumbi jekundu la njia za Misima lilikuwa linaimaliza rangi.

Edna, mke wa Valerian, aliwapokea na chai na magimbi. Alikuwa mwanamke mchangamfu, wifi wa kutaniana naye, lakini asubuhi ile alisalimia akarudi jikoni. Rhoda alidhani ameamka vibaya.

Gari lilikuwa kibandani, la rangi ya fedha, safi hata kabla ya kuoshwa. Rhoda alitambua kwamba hajaliona tangu kabla ya ajali. Kila mara kaka yake alipokuja Korogwe alipanda basi. Mwanzoni alisema gari liko kwa fundi, baadaye akasema mafuta yamepanda. Alimtania kwamba inaonekana analilaza kitandani.

"Analiosha kila siku," Edna alisema kutoka mlangoni. "Hata mvua ikinyesha."

Valerian alimtuma Edna kuleta ndoo nyingine.

Kazi ilianza. Rhoda alilowesha gari kwa povu, akalisuuza, akanyunyiza dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, mitiririko ya zambarau ikashuka milangoni. Baadaye akachukua udongo laini wa kusugulia, akaupitisha polepole juu ya rangi mpaka mkono ukahisi uso umelainika. Kaka yake alikuwa karibu muda wote, anamshikia ndoo, anasogeza kigoda. Walizungumza habari za utotoni. Alimkumbusha jinsi mama yao alivyokuwa akisuka kamba za mkonge barazani na kuwachapa nazo. Rhoda alicheka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alijisikia mtu mwenye kwao.

Alipowasha taa ya kukagulia na kuipitisha kandokando ya gari, mkono wake ulisita upande wa kushoto mbele. Pale kati ya taa na mlango rangi ilikuwa mpya. Ilifanana sana na nyingine, kazi ya fundi mzuri, lakini ukingo wake ulionekana kwenye mpira wa taa, na vinundu vidogo vilivyotapakaa kama ngozi ya chungwa havikuwa mahali pengine. Bampa nalo lilikuwa limebadilishwa.

Aliuliza ilikuwaje, kwa sababu rangi ambayo haijakomaa haipakwi dawa.

Valerian alisema aligonga nguzo ya geti kule ghalani.

"Lini?"

"Zamani. Mwaka jana, kipindi cha mvua. Imeshakauka hiyo, paka tu."

Rhoda aliridhika. Aliwasha mashine, akapolishi gari lote, akalipangusa kwa spiriti kuondoa mafuta. Walikula wali na maharage. Mchana ulipoanza kupoa alifungua kichupa cha seramiki. Kazi hii inataka utulivu. Unadondosha matone machache kwenye sifongo iliyofungwa kitambaa, unapaka kipande kidogo, kwa urefu kisha kwa upana, unangoja kidogo mpaka rangi za upinde wa mvua zijitokeze juu yake, halafu unapangusa upesi kwa kitambaa laini kabla haijaganda. Ukichelewa linabaki doa ambalo haliondoki mpaka lisagwe kwa mashine upya. Alianza na paa, akashuka kwenye boneti. Gari lilianza kung'aa kwa kina, kama kisima.

Alipofika upande ule wa kushoto alichuchumaa mbele ya gurudumu, mgongo ameuelekeza kwenye taa ya gari, akainamisha kichwa ili apake sehemu ya chini. Nyuma yake alisikia hatua za kaka yake akitoka ndani. Kisha akasikia kikombe kinavunjika.

"Inuka hapo! Inuka!"

Rhoda aliruka pembeni akidhani ni nyoka. Aliangaza chini, hapakuwa na kitu. Valerian alikuwa amesimama mbele ya gari, chai imemwagikia viatu vyake, mkono mmoja umeshika nguzo ya kibanda. Rhoda alimkalisha kwenye kigoda, akamuuliza ameona nini.

"Hapana. Nimekuona umechuchumaa hivyo," Valerian alisema. "Umegeuza mgongo. Nikaona kama..."

"Kama nini?"

Aliangalia mahali Rhoda alipokuwa amechuchumaa, kisha akafumba macho.

Rhoda alibaki amesimama na sifongo mkononi. Jambo lilimjia taratibu, na lilipomjia hakuweza tena kulizuia. Katika dunia nzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa akisema kwamba Deogratius alichuchumaa siku ile, naye ni Deogratius mwenyewe. Hakuna aliyemsadiki. Wote walisema alikuwa akiyumba barabarani, na walisema hivyo kwa sababu Valerian aliwaambia. Mtu aliyeuona mgongo wake angeweza kuwa nani, kama si yule aliyetokea nyuma yake?

"Kaka," alisema, "Deo alikuwa barabarani au alikuwa pembeni?"

Valerian aliinama akaanza kuokota vipande vya kikombe.

"Nakuuliza wewe. Alikuwa wapi?"

Edna alikuwa amefika mlangoni kwa sauti ya kikombe. Alijifuta mikono kwenye kanga yake. "Mwambie, baba Yasinta," alisema. "Mwambie au nitamwambia mimi. Nimechoka."

Ndipo Valerian akasema, akiwa ameinamia viatu vyake. Siku ile alikuwa akitoka Same kuonana na mnunuzi wa mahindi. Karibu na Mkumbara simu iliita, akaishika, akaangalia kioo chake. Gurudumu la kushoto likatoka nje ya lami. Alipoinua macho aliona mgongo wa mtu umeinama, kisha akasikia ile sauti. Alikanyaga breki. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma aliona watu wanakimbia kutoka vibandani, akaogopa kwamba watampiga mawe na kuchoma gari, akaondoka. Hakujua ni nani. Aliapa kwa jina la mama yao kwamba hakujua mpaka Rhoda alipopiga simu.

Rhoda alimwamini kwa hilo. Alikumbuka kile kilio.

"Kukimbia naweza kukuelewa," alimwambia. "Watu wanaua, kweli. Ningekuwa mimi pengine ningekimbia. Ulevi ulitoka wapi?"

"Rhoda..."

"Ulikwenda Mkumbara kuuliza?"

"Sikwenda."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyekuambia chochote. Ulikaa ukatunga."

Valerian alisema alitaka tu polisi waliache jambo lile. Alijua Deogratius aliwahi kuwa mnywaji, na kwamba watu hawatashangaa. Alisema alidhani litasahaulika, mguu utapona, na yeye angewasaidia maisha yake yote. Na si amewasaidia? Hajawatupa hata siku moja. Alikuwa akisema kwa haraka, kama anayepakua gunia.

"Ulijua na mimi nitaamini?"

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Nimekulea, Rhoda."

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo maana niliamini."

Sehemu aliyokuwa ameipaka ilikuwa imeganda. Michirizi ya dawa ilikuwa imetulia juu ya ile rangi mpya, mistari ya zambarau na kijani, tena alama za vidole vyake vitatu zilionekana pale alipojishikiza wakati wa kuruka. Valerian aliitazama, akasema bila kufikiri kwamba itaharibika, aipanguse. Rhoda aliweka sifongo juu ya boneti. Alianza kukusanya vitambaa vyake. Mashine aliiacha ilipokuwa, sakafuni, na Valerian alipomkumbusha aichukue, alimwambia hataishika tena.

Kabla ya kuondoka alimpa neno moja. Jumuiya yao ya Korogwe ilikuwa inakutana Jumamosi nyumbani kwa mama Filomena, mwenyekiti. Aje aseme palepale, mbele ya watu walewale aliowaambia kwamba mume wake alikuwa mlevi. Baada ya hapo waende polisi pamoja. Valerian alisema atakuja. Alisema hivyo akilia, na Rhoda, ingawa alikuwa amekwisha kuuona uongo wake, aliona hili ni la kweli. Edna alimsindikiza mpaka barabarani. Basi lilipokuja Edna alimshika mkono, akauachia.

Deogratius alikuwa amekaa nje akimenya vitunguu kwa ajili ya mama ntilie wa jirani, kibarua alichokipata siku za karibuni. Rhoda alikaa chini mbele yake na kumweleza kila kitu, kuanzia ile rangi mpya mpaka mwisho. Alitarajia atapiga kelele au atataka kwenda Handeni saa hiyohiyo. Deogratius aliweka kisu kwenye beseni. Alimwomba arudie pale Valerian alipotaja kuchuchumaa. Rhoda akarudia.

"Kwa hiyo nilichuchumaa," alisema.

"Ulichuchumaa."

"Ilifika mahali nikawa sijui. Mliposema wote, nikaanza kujiuliza kama pengine nilikunywa nikasahau." Alikung'uta maganda mapajani. "Ajabu, ya Valerian hayajanishangaza kama nilivyofikiri. Aliogopa. Wewe hukuogopa kitu. Wewe ulikuwa unanikumbatia kila nikirudi, na nilikuwa najua unaninusa."

Rhoda alitaka kusema kwamba si kweli. Lakini ilikuwa kweli. Mwaka mzima alikuwa akimsogelea mlangoni kama mke mwenye mapenzi, kumbe anatafuta harufu ya pombe kinywani mwake. Hakudhani anajua. Aliomba msamaha, na Deogratius akatikisa kichwa, si kwa kukataa, ila kama mtu anayesema ngoja kwanza.

Jumamosi ilifika. Wanajumuiya walikaa kwenye mikeka na mabenchi uani kwa mama Filomena, wakasali, wakasoma neno. Rhoda alikuwa akitazama mlango wa ua. Alikuwa amemwekea Valerian nafasi pembeni yake, na kila aliyetaka kuikalia alimwambia kuna mtu anakuja. Simu ya kaka yake haikupatikana. Muda wa matangazo ulipofika, ujumbe uliingia kutoka kwa Edna: mumewe ameondoka alfajiri na gari, amesema anakwenda Dar kulitafutia mnunuzi.

Nafasi ile ilibaki wazi. Rhoda alisimama. Aliweka mkono kwenye bega la mumewe. Aliwaambia kwamba aliyemgonga Deogratius ni Valerian, kaka yake wa tumbo moja. Aliwaambia kwamba habari ya pombe aliitunga kaka yake ili kujificha, na kwamba yeye, mke, aliisadiki bila kumuuliza mumewe. Mama Filomena alimtaka arudie, hakudhani amesikia sawasawa. Akarudia. Paulo, mzee aliyewahi kumnyima Deogratius mzigo wa nyanya, alianza kusema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na maneno yale, lakini mke wake alimvuta shati akakaa.

Polisi walitaka ushahidi. Rhoda alieleza juu ya rangi, na askari aliyekuwa akiandika akamuuliza gari liko wapi, akajibu kwamba halipo. Akaulizwa nani alilisugua na kulipolishi, akajibu kwamba ni yeye. Askari aliinua kichwa akamtazama. Ilikuwa aibu ambayo hakuitarajia, kuona kwamba kaka yake alimwita Handeni akamfanya afute kwa mikono yake mwenyewe alama ya kilichomvunja mumewe. Kama alilikusudia hilo au hakulikusudia, hakupata kujua. Usiku mwingine aliamini hivi, asubuhi akaamini vile.

Aliyeipa kesi ile nguvu ni Edna. Alikuja Korogwe kwa hiari yake, akaandikisha kwamba mumewe alirudi nyumbani siku ile taa ya mbele ikiwa imevunjika, akamwambia amemgonga mtu. Alimtaja na fundi aliyepaka rangi. Valerian aliporudi kutoka Dar alikuta wanamtafuta, na alipofikishwa mahakamani hakubisha. Aliadhibiwa kama sheria ilivyotaka, leseni akanyang'anywa. Kwenye jubilei ya parokia mgeni alibebwa na gari la mtu mwingine.

Ndugu waligawanyika. Shangazi yao wa Misima alimpigia Rhoda simu kumwambia kwamba mtu haanikwi hadharani na nduguye wa tumbo moja, na kwamba lau si Valerian, Rhoda angekuwa amekufa kwa njaa kambini. Rhoda alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Yote aliyosema yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyomuuma. Angekuwa kaka mbaya siku zote, ingekuwa rahisi.

Wakulima walianza kurudi kwa Deogratius, mmojammoja, wengine wakijifanya hawajawahi kuondoka. Aliwapokea. Nyumbani alikuwa mpole kama zamani, akimwita Rhoda kwa jina lake, akila alichopika, lakini akiingia ndani alikuwa akipitia mlango wa uani, moja kwa moja mpaka kwenye kiti chake, na Rhoda hakuwa akithubutu kumsogelea.

Mwanzoni mwa kiangazi, Deogratius alimwambia kwamba kuna mtu mmoja bado hajaambiwa. Mama yake, tangu Valerian alipopanda kule na habari ya pombe, hakuwahi kushuka kumwona mwanawe wala kumtumia salamu. Alikuwa amezika mume aliyeuawa na pombe, na alikuwa ameapa hatazika mtoto kwa pombe. Deogratius angeweza kumpigia simu. Hakutaka.

"Nataka aisikie kwako," alisema. "Na mimi nisiwepo."

Walichukua bodaboda mbili kupanda Lutindi. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye miti ya misheni. Nyumba ya mama iko juu ya ngazi za udongo, mwinuko mkali, na mtu wa gongo hawezi kuupanda bila kubebwa. Deogratius alikaa kwenye jiwe kando ya njia, akamwambia aende.

Mama alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Rhoda alipiga goti akamwamkia, naye akaitikia bila kumtazama, akamwonyesha kigoda. Rhoda hakukikalia.

"Mama," alisema, "Deo hakuwa amelewa siku ile."

Mikono ya yule mama iliendelea kutupa mawe madogo nje ya ungo. "Nani alisema alilewa?"

"Kaka yangu. Alidanganya. Yeye ndiye aliyemgonga."

"Ni yeye tu aliyesema?"

"Na mimi. Niliamini, nikawa nasema hivyohivyo."

Mama aliweka ungo chini. Alisimama, akajifunga kitenge upya, akauliza Deogratius yuko wapi. Rhoda alimwonyesha kwa mkono. Yule mama alipita kando yake, akaanza kuteremka ngazi zile za udongo kwa upande, mguu mmoja baada ya mwingine, akimwita mwanawe kwa Kishambaa. Rhoda alisikia Deogratius akiitika kutoka chini. Walizungumza kwa muda mrefu, sauti zikimfikia bila maneno. Hakushuka. Alisogea kwenye ungo, akakaa, akaendelea kuchambua yale maharage.